Kitendo ni chake, mkono ni wako: upande wa kiroho wa kuuguza nyumbani

Ukiwa na mgonjwa ndani, Dodoma nzima itakwambia mambo mawili. Kwanza, "pole na kuuguza." Halafu, kabla hujashukuru, "utapata baraka," au "thawabu zako ziko kwa Mungu." Nimeambiwa hivyo soko la Majengo, nimeambiwa nje ya kanisa, nimeambiwa na dereva wa bajaji aliyenisaidia kumshusha mama getini. Wote walisema kwa moyo safi. Ila ikifika saa nane usiku, shuka imelowa, ndani kumebaki nusu ndoo ya maji na mgao wa mtaa wetu ni keshokutwa, neno "baraka" linaelea tu. Anayeuguza anataka kujua limekaa wapi. Liko kwenye mateso yake? Kwenye malipo ya baadaye? Kwenye maombi yanayofanyika pembeni ya kitanda? Au liko kwenye hiyo nusu ndoo?

Huu ni mwaka wa tatu nauguza. Mama yangu ni Mgogo wa Kongwa, Mwanglikana tangu ubatizo. Kiharusi kilichukua upande wake wa kulia na sehemu kubwa ya maneno yake. Dada yake mkubwa aliolewa Kondoa, akawa Muislamu, naye ndiye aliyekuja kukaa nasi miezi miwili ya mwanzo. Kwa hiyo haya nitakayoeleza yametoka kwenye dini zote mbili, jinsi zilivyokutana chumbani kwa mama, na sitajitahidi kuzitenganisha.

Swali la baraka lilianza kunifungukia kwenye sarufi. Shuleni tulikaririshwa kauli ya kutendesha kwa ajili ya mtihani, basi. Sasa itazame siku ya mtu anayeuguza: kula, kulisha, kunywa, kunywesha, kuoga, kuogesha, kuvaa, kuvisha, kulala, kulaza, kugeuka, kugeuza, kuketi, kuketisha. Na jina la kazi yote: kuugua, kuuguza. Hakuna kitendo hata kimoja hapo ambacho ni changu. Nikisema namlisha mama, anayekula ni mama. Mimi nimemwazima mkono. Nikifagia chumba chake, sakafu haina la kusema. Lakini kulisha hakujakamilika mpaka yeye ameze.

Asubuhi namketisha wima, mito miwili mgongoni, kidevu kimeinama kidogo. Uji wa uwele, mzito, kwa sababu tuligundua mapema kwamba maji matupu humpalia kuliko uji. Kijiko kidogo. Nakipeleka upande wa kushoto wa mdomo, upande unaohisi. Halafu nasubiri. Nalitazama koo lake. Likipanda na kushuka, ndipo kijiko cha pili. Baada ya vijiko vitano, sita, napumzika na kuangalia shavu la kulia kama kuna uji uliojificha, maana shavu hilo halimpi taarifa yoyote. Bakuli moja ni dakika arobaini. Ukiharakisha, chakula kinapita njia ya hewa, na kwa mtu wa kiharusi nimonia huanzia hapo hapo. Mwezi wa kwanza niliziona dakika hizo kama kizuizi kati yangu na shughuli zangu. Sasa najua ndizo kuuguza kwenyewe. Kule kusubiri koo la mtu mwingine ndiko ninakokuita ibada.

Mungu yuko upande gani wa kitanda

Watu hupenda kumwambia anayeuguza, "wewe ni malaika." Kwa kusema hivyo wanauweka utakatifu upande wa anayehudumia. Maandiko yanauweka upande wa pili. Katika Mathayo 25, Mfalme anasema yeye ndiye aliyekuwa mgonjwa, wakaja kumtazama. Na wale wanaosifiwa wanashangaa, hawakumbuki hata siku moja waliyomwona. Hadithi ya Mtume Muhammad iliyopokewa na Imam Muslim, mmoja wa wakusanyaji wakuu wa hadithi, inakaribiana nayo kabisa. Siku ya Kiyama Mwenyezi Mungu atamwambia mwanadamu kwamba aliumwa naye hakuja kumtazama. Mwanadamu atauliza, vipi nikutazame na wewe ni Mola wa viumbe vyote? Atajibiwa kwamba mja fulani aliumwa, na lau angekwenda kwake, angemkuta Mungu huko. Mama mkubwa alituhadithia hiyo jioni moja huku akimpaka mama mafuta miguuni. Mama alinyanyua mkono wa kushoto, mkono wake mzima, akaushusha taratibu juu ya kichwa cha dada yake.

Tofauti ya pande hizi mbili ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kama utakatifu uko kwangu mimi mhudumu, mgonjwa anageuka kuwa chombo cha kunichumia thawabu, na kadiri anavyodhoofika ndivyo ninavyoneemeka. Wapo wanaofika huko bila kujua: hawataki ndugu mwingine ashike kijiko, na kila mgeni lazima asimuliwe walivyokesha. Lakini kama utakatifu uko kwake, kazi yangu ni kuingia chumbani humo kwa adabu. Mimi hubisha hodi kwa mama kila ninapoingia, ingawa mlango wenyewe ni pazia.

Wanaosoma Kurani kwa tafsiri ya Kiswahili wanalifahamu jina "Mola Mlezi." Kulea ni kazi ya kila siku: kupangusa, kulisha, kuamka usiku. Sura ya 17, aya ya 24, inamfundisha mtoto kuwaombea wazazi rehema kwa vile walivyomlea utotoni. Neno hilo moja linamhusu Mungu, linawahusu wazazi, na kwa dua hiyo linamrudia mtoto mtu mzima. Sijui lugha nyingine ingelisemaje jambo hili kwa neno dogo namna hii.

Na dini haikubali kutumiwa kukikwepa chumba hicho. Katika Marko 7, Yesu anawakemea waliokuwa wakisema mali yao ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie baba na mama. Mtu mmoja alipomwomba Mtume Muhammad ruhusa ya kwenda jihadi, aliulizwa kama wazazi wake wako hai. Aliposema wapo, akaambiwa jihadi yake ni kwao. Nasema hivi kwa sababu nimeona, hapa hapa mjini, watu wakienda mkesha wa maombi huku mzee ameachwa na chai ya asubuhi mpaka jioni. Mkesha ulikuwa nyumbani.

Sitara

Siku ya kwanza nilipoingia na beseni kumwogesha, mke wangu alikuwa na wiki moja tangu ajifungue na hakukuwa na mwanamke mwingine ndani. Mama alilitazama beseni, akanitazama mimi, akaugeuzia uso wake ukutani. Hakuwa na maneno ya kukataa, ila nilielewa. Nilimpangusa uso na mikono tu, nikatoka.

Mama mkubwa alifika kesho yake kwa basi la mchana. Hakutumia nguvu wala maneno mengi. Alitandika nailoni chini, akachukua kanga mbili. Moja akaitandaza juu ya mama kuanzia kifuani mpaka chini ya magoti, kisha akaivuta ile nguo aliyovaa, polepole, ikatoka bila mwili kuonekana. Mkono wenye kitambaa ukaingia chini ya kanga ukaosha usichokiona, kwa kupapasa. Kitambaa kikarudi kwenye beseni, kikakamuliwa, kikaingia tena. Alipomaliza, kanga kavu ikatandazwa juu ya ile mbichi, na ile mbichi ikavutwa kutoka chini. Beseni moja, halijafika hata lita tano. Mama alikuwa amefumba macho, lakini uso haukuwa tena ukutani.

"Hivi ndivyo tunavyoosha maiti," mama mkubwa akasema akikamua kanga. "Maiti anasitiriwa, sembuse aliye hai?"

Neno lenyewe linabeba mengi. Kusitiri ni kufunika kisionekane. Ni kuhifadhi aibu ya mtu isitangazwe. Na ni kuzika. Tunasema marehemu amesitiriwa. Katika josho la Kiislamu, maiti huoshwa akiwa amefunikwa, angalau kati ya kitovu na magoti, na mwoshaji hatakiwi kwenda kusimulia aliyoyaona. Wakristo nao wanayo picha yao, ila hatuihubiri mara nyingi. Katika Mwanzo 9, Nuhu amelala uchi hemani. Mtoto mmoja anamwona na kutoka nje kuwaeleza ndugu zake. Wawili wale, Shemu na Yafethi, wanaweka nguo mabegani mwao, wanaingia wakitembea kinyumenyume, wanamfunika baba yao bila kumtazama. Miaka yote nilikuwa nikiisoma kama habari ya ulevi na laana. Baada ya kanga za mama mkubwa, kilichobaki machoni pangu ni watu wazima wawili wakirudi nyuma hatua kwa hatua, wakitafuta njia kwa miguu.

Na sitara haiishii kwenye nguo. Nitasema wazi: picha za wagonjwa tunazotuma kwenye makundi ya WhatsApp ya familia na ya kanisa, mdomo umepinda, mpira wa mkojo unaonekana, ili watu wachange, ni kumvua mtu nguo mbele ya umati. Mchango unaweza kuombwa kwa maneno. Mama yangu aliyevaa kitambaa kichwani kila siku ya maisha yake asingekubali kuonekana hivyo, na kupoteza maneno hakukumpokonya haki ya kukataa.

Mila za huku kati zililifikiria hili zamani. Katika familia nyingi, kati ya mkamwana na baba mkwe kuna mpaka wa heshima: hawashikani, na wengine hata hawali pamoja. Mjini tunaona ni mambo ya kizamani yanayochelewesha huduma. Mimi naona ni sitara iliyopangwa kabla ugonjwa haujaja. Na mila hiyo hiyo imeacha mlango wazi kwa mjukuu. Babu humwita mjukuu wake wa kike "mke wangu," bibi humwita wa kiume "mume wangu," wanataniana tangu mtoto anaanza kutembea. Tunacheka tu, hatujiulizi utani ule unafanya kazi gani. Siku mzee anapolala, mjukuu anaweza kuingia na beseni na mzaha wake mdomoni pale ambapo mtoto au mkwe angeona haya. Utani umeshalainisha njia kwa miaka kumi na tano.

Uf

Aya ya 23 ya sura hiyo ya 17 inamkataza mtoto asiwaambie wazazi wake waliozeeka hata "uf," yaani hata kuguna. Wengi wanaiogopa aya hii. Mimi inanifariji kwa namna moja: inajua kabisa kwamba "uf" itafika mdomoni. Hakuna anayekatazwa jambo ambalo halimjii.

Ilinitoka mwezi wa tano. Mama alikuwa amebaki na maneno machache, na usiku ule alishika moja: njoo. Njoo, njoo, njoo, kuanzia saa sita. Nikienda, hana haja ya kitu. Nikirudi kulala, njoo. Mara ya tisa au ya kumi nilisimama mlangoni nikasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia kwake, "Unataka nini sasa?" Akanyamaza. Alinyamaza mpaka asubuhi, na ukimya ule ulikuwa mrefu kuliko usiku wote wa makelele. Kulipopambazuka nilipiga magoti pembeni ya kitanda nikamwomba msamaha kwa maneno kamili, kama mtu mzima anavyomwomba mtu mzima, kwa sababu kiharusi hakijamfanya mtoto. Sijui alielewa kiasi gani. Alinishika kidole gumba, akakishikilia.

Nilipomweleza mchungaji wetu, nilitegemea somo la uvumilivu. Alinisomea Wafalme wa Kwanza, sura ya 19. Eliya amechoka, amelala chini ya mti wa mretemu huko jangwani, anaomba afe. Malaika hamhubirii. Anamgusa, anamwambia ainuke ale; kuna mkate na chupa ya maji. Eliya anakula, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili na chakula. Ile sauti ndogo ya utulivu ya Mungu inakuja baadaye sana, nabii akiwa ameshalala na kushiba. Kisha mchungaji akaniuliza, "Nani anakugeuzia mama ili ulale?"

Hilo ndilo lilikuwa swali la kiroho. Mtu asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi ili asipate vidonda vya kulalia. Hiyo ni mara kumi na mbili kwa siku. Hakuna binadamu mmoja anayeweza hilo kwa miaka, na anayedai anaweza, ama mgonjwa wake ana vidonda ama yeye mwenyewe anaelekea kuugua. Kwa hiyo tulipanga zamu: kaka yangu mdogo akachukua usiku wa Ijumaa na Jumamosi, majirani wawili wa jumuiya wakachukua Jumatano mchana. Sikuona subira yangu ikipungua kwa kusaidiwa. Nilianza kuwa nayo.

Kuhusu radhi nitasema kwa kifupi, kwa kuwa imegeuzwa fimbo. Radhi ni uradhi wa mzazi, moyo wake kutulia juu yako. Hainunuliwi kwa fedha inayotumwa kwa simu, na haipimwi kwa kulinganisha nani amemwogesha mara nyingi. Gumu zaidi ni la yule ambaye mzazi aliyelala kitandani ndiye aliyemtesa au kumtelekeza utotoni. Wapo wengi, na wanaona aibu kusema. Hao wasilazimishwe kuigiza upendo. Yohana 13 inaeleza Yesu alivyowaosha wanafunzi miguu, na Yuda alikuwa bado mezani; miguu yake nayo ilioshwa. Mikono inaweza kutangulia, moyo ukafuata mwendo wake. Na kama mtu hawezi kuingia chumbani kabisa, akamtafuta na kumlipa wa kuingia, naye ameuguza.

Udongo, mafuta na dawa

Swali la sala huwatesa Waislamu wengi wenye mgonjwa asiyeweza kuzuia mkojo, hasa mji huu wa mgao wa maji. Sheria yenyewe ni pana kuliko hofu. Anayeweza kukaa ataswali amekaa, asiyeweza atalala ubavu, asiyeweza hata hivyo ataashiria kwa kichwa au macho. Maji yakimdhuru au yakikosekana, atatayamamu, yaani atajitakasa kwa udongo safi badala ya maji, na udongo hatujawahi kuukosa Dodoma. Nimeona Kondoa, kwa mzee wa upande wa mama mkubwa: sinia dogo la udongo mkavu uliochekechwa, limewekwa juu ya kigoda karibu na mto. Mjukuu anaupiga kwa viganja, anakung'uta, anampangusa babu uso, kisha mikono. Nia ni ya babu. Mkono ni wa kijana. Kutendesha tena.

Kwa Wakatoliki kuna woga mwingine: wanaogopa kumwita padri kwa Mpako wa Wagonjwa kwa kuwa zamani ulijulikana kama mpako wa mwisho, na kumwita ni kama kuita kifo. Tangu taratibu mpya za Papa Paulo wa 6, mwaka 1972, umewekwa wazi kuwa ni wa mgonjwa yeyote aliye katika hali nzito, na wazee waliodhoofika, na unaweza kurudiwa. Msingoje mpaka mtu hajui tena nani ameingia.

Na kiharusi ni ugonjwa wa ubongo: mshipa wa damu umeziba au umepasuka, mara nyingi kwa sababu ya presha isiyotibiwa. Sisi tulipoteza saa za mwanzo kwa sababu mtu mmoja tuliyemheshimu alisema ni upepo mbaya, tuombe kwanza. Tungeweza kuomba tukiwa njiani kwenda hospitali.

Daktari wa Uingereza, Cicely Saunders, aliyefungua nyumba ya St Christopher's huko London mwaka 1967 kwa ajili ya wagonjwa wanaokaribia mwisho, alifundisha kwamba maumivu yao yana pande nne: mwili, nafsi, mahusiano na roho. Alisisitiza pia dawa za maumivu zitolewe kwa saa, kabla maumivu hayajarudi. Ni muhimu kuvishika vyote viwili, kwa sababu mtu anayeumia mifupa hawezi kusali, na mtu anayejiuliza "nimemkosea Mungu nini?" hatulizwi na kidonge. Mgonjwa akikuuliza hivyo, usimjibu haraka. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kusema neno. Makosa yao yote yalianza walipofungua vinywa.

Limebaki la wasaidizi wa kulipwa. Tangu Serikali ihamishie shughuli zake huku, kuanzia mwaka 2016, nyumba nyingi za kupanga Nkuhungu na Ilazo zina mzazi aliyeletwa kutoka Kagera au Mbeya, hana jirani anayejua lugha yake wala mjukuu wa kumtania. Anayemwogesha ni dada wa kazi. Watoto wengine wanaona wamepoteza thawabu kwa kuajiri, na wengine wanaona wakishalipa, limekwisha. Mimi naona dada huyo anaingia chumba kile kile nilichosema, na kwa hiyo anatakiwa afundishwe kanga mbili, apewe siku ya kupumzika, na mshahara wake usicheleweshwe. Yakobo 5 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele mpaka masikioni mwa Bwana.

Wa kwetu ana miaka ishirini na mbili, ametoka Mpwapwa. Humwamkia mama "mbukwenyi" kila asubuhi kwa Kigogo, na mama huitikia kwa kope. Ndiye aliyegundua, baada ya wiki tatu tu, jambo ambalo sisi wenye mama hatukuliona kwa mwaka mzima: kila kitambaa cha kunawia kikisogea usoni, mkono wa kushoto wa mama ulikuwa ukinyanyuka kidogo kutoka kwenye shuka. Tulidhani ni kukataa. Yeye akakiweka kitambaa kwenye kiganja.

Siku hizi mama hupewa kitambaa kwanza. Nusu ya maji yanamwagikia kifuani. Anaanza na jicho la kushoto, anashuka shavuni, anavuka pua, anasimama pale kwa muda, halafu anaendelea mpaka sikio la kulia, na sisi tunakaa na taulo tukingoja amalize.